Njaa ya Sekunde Tano: Mnyama Mlafi Kutoka Ngano Hadi Gemu

Wapo watakaouliza gemu za video zimefuata nini katika kurasa za uhakiki wa fasihi. Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba mhusika tunayemjadili hapa si mgeni kwetu hata kidogo: ni mnyama mwenye njaa. Katika ngano zetu huwa ni fisi. Amefika njia panda, harufu ya nyama inamjia kulia na kushoto, hataki kukosa hata kipande. Basi anaweka mguu huku na mguu kule mpaka anapasuka msamba. Njia mbili zilimshinda fisi. Hapo njaa ndiyo inayosukuma msuko, na adhabu ndiyo inayobeba funzo.

Sasa hebu tumfuate mlafi huyu alipoingia ndani ya mashine. Mwaka 1980 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Pac-Man, gemu iliyobuniwa na Toru Iwatani. Mhusika mkuu si mnyama kamili, ni mdomo tu unaotembea. Jina lake limetokana na "paku paku", maneno ya Kijapani yanayoiga mdomo unaofunguka na kufumba wakati wa kula. Sisi tungeiita tanakali ya sauti. Kwa hiyo hata jina la gemu hiyo iliyovuma dunia nzima limetoka katika kapu la mbinu za msimulizi.

Mwaka 1997 akaja nyoka. Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia kule Finland, alimweka ndani ya simu ya Nokia 6110. Hata hapa kwetu, wengi walioshika simu za Nokia mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanamkumbuka. Kwa maoni yangu nyoka huyu ni ndugu wa damu wa fisi. Kila anapokula anarefuka, na kadiri anavyorefuka ndivyo mwili wake unavyomzibia njia, mpaka anajigonga mwenyewe na kufa. Hakuna mtu aliyeandika "tamaa mbele, mauti nyuma" kwenye kioo cha simu, lakini funzo limo katika muundo wenyewe. Fani imebeba maudhui bila kusema neno.

Hata hivyo, katika gemu hizo mbili mwili wa mchezaji umelala. Kinachofanya kazi ni jicho na kidole. Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 2003 Nintendo walitoa gemu ya kwanza katika mfululizo wa WarioWare: zaidi ya vijigemu 200, kila kimoja cha sekunde chache tu, tuseme tano hivi. Inatokea amri fupi, mara nyingi neno moja, na mchezaji lazima aelewe hapo hapo afanye nini. Akikosa, anapoteza nafasi moja kati ya nne. Akifaulu, analetewa kingine, tena kwa kasi zaidi. Kwa muda mfupi namna hiyo, mnyama mwenye njaa anafaa sana, kwa sababu hahitaji utangulizi. Mdomo uko wazi, chakula kile pale, kila mtu anajua kinachotakiwa.

Mwaka 2004, huko Japani, ikatoka WarioWare: Twisted!, ambayo mchezaji aliicheza kwa kuzungusha mashine yote mikononi. Mwishoni mwa mwaka 2006 mashine ya Wii iliingia sokoni na rimoti inayohisi mwendo wa mkono, na pamoja nayo WarioWare: Smooth Moves. Hapo mchezaji anaelekezwa mikao mbalimbali ya kushika rimoti. Mmojawapo ni mkao wa tembo: rimoti inawekwa puani, inakuwa mkonga.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Ndani ya rimoti ile mna kifaa kinachopima mchapuko na mwinamo. Mbele yake mna kamera ndogo inayoona mwanga wa kifaa kilichowekwa karibu na televisheni. Hakuna chochote kinachoona pua. Ukiiweka rimoti tumboni na kuiinamisha vilevile, mashine haitajua tofauti. Tembo, basi, hayumo ndani ya mashine. Yumo katika mwili wa mtu aliyekubali kuwa tembo, na katika macho ya wenzake walioketi nyuma yake wakimcheka. Huyo ni fanani, na hao ni hadhira. Bila wao kinachobaki ni namba tu.

Wapo watakaopinga: ngano hufunza, kijigemu hakifunzi kitu. Mlafi haadhibiwi, kinyume chake, anayeadhibiwa ni mchezaji aliyechelewa kumlisha! Nakubali. Kati ya fisi na kijigemu kuna hasara, wala tusiifiche. Njaa iliyokuwa jambo zito katika ngano imegeuzwa utani wa sekunde tano, na haina kesho. Kwa kipimo cha maudhui, gemu hizi ni maskini kuliko hata nyoka wa Nokia.

Lakini tujiulize kipimo hicho tulikipata wapi. Tumezoea kusoma ngano kitabuni, tukaorodhesha dhamira tano za mtihani na kufunga daftari. Fisi tunayemhakiki hana sauti, hachechemei, hanusi upepo. Fisi wa mtambaji alikuwa na vyote hivyo, na wasikilizaji walimjua kwa mwendo kabla ya kulijua funzo. Gemu imetupa funzo ikabakiza utendaji. Sisi wahakiki tumebakiza funzo tukautupa utendaji. Sioni ni nani kati yetu anayeweza kumcheka mwenzake.

Mikao ile imerudi tena mwaka 2023 katika WarioWare: Move It!, kwa hiyo jambo hili si masalio ya zamani. Pendekezo langu ni dogo. Tutakapochambua tena ngano ya fisi darasani, mmoja wetu asimame aiigize kwanza, achechemee na kunusa mbele ya wenzake, ndipo tuulize inafunza nini. Huenda tukagundua kwamba baadhi ya majibu tuliyoyakariri hayatoki katika maneno ya ngano, bali katika ule mguu mmoja huku na mmoja kule.