Kufiwa na mzazi ukubwani (Tunduma)

Huko Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, msiba wa baba au mama hukusanya ndugu wa nchi mbili: Wanyamwanga wanaishi Tanzania na Zambia, hivyo waombolezaji huvuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Majirani hulala msibani, hupika na kuchanga rambirambi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 humpa mwajiriwa aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Ni chache mno. Uchungu mara nyingi huzidi matanga yakishaanuliwa, wageni wakitawanyika na ukoo ukikaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Hapo mfiwa huhitaji kutembelewa zaidi kuliko siku ya mazishi. Wengine hufarijika kwa kumpa mtoto jina la marehemu.