Kabla ya Samaki, Maji: Somo la Mabwawa ya Kongo

Historia ya ufugaji wa samaki nchini Kongo husimuliwa kwa hesabu ya mabwawa. Majaribio ya kwanza yalifanyika mwaka 1937, miaka 13 baada ya yale ya Kenya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliigeuza kazi hiyo kuwa kampeni ya nchi nzima. Kituo cha utafiti kikawekwa Kipopo, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na mwaka 1949 mji huohuo ukapokea mkutano wa Wabelgiji na Waingereza kuhusu ufugaji wa samaki. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mabwawa yalikuwa yamepita 100,000. Uhuru ukaja mwaka 1960, na baada ya muda mfupi mengi yakaachwa yakamezwa na majani. Kwa yeyote anayetaka kuchimba bwawa leo Kasongo au Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, hesabu hiyo ina somo moja kubwa: wakoloni walihesabu mashimo, ilhali samaki haishi kwenye shimo. Huishi kwenye maji, na maji ya kufugia samaki sharti yaandaliwe kabla samaki hajatiwa.

Kusini mwa Maniema wazo hili halikuwa na sababu ya kuzaliwa mapema, kwa kuwa mto ulitosha. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa kando ya Lualaba, wanawake wakimiminika na samaki, mihogo, kuku na mafuta ya mawese. Samaki wale walikuwa wa mtoni, na mto hauhitaji mtu wa kuuandaa. Uchafu wa samaki huchukuliwa na mkondo, na kinachobaki huliwa na bakteria waliotanda juu ya kila jiwe na kila punje ya mchanga tangu zamani. Anayeishi kando ya Lualaba au Luama amerithi kazi iliyokwisha kufanywa, ndiyo maana ni rahisi kwake kuamini kwamba maji ni maji tu. Lakini vijiji vilivyo mbali na mito hupata samaki wa kukaushwa, au ndakala waliosafiri kutoka ziwa Tanganyika. Wanakijiji wa huko wanapoamua kufuga, kazi yote iliyokuwa ya mto inawaangukia wao.

Kazi hiyo ni ipi? Jibu lilipatikana katika karne ya 19, kwa njia mbili zilizokaribiana bila kukutana. Njia ya kwanza ilikuwa ya tangi la kioo. Mwanakemia wa London, Robert Warington, aliweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na majani ya majini. Majani yalipoanza kuoza na kuchafua maji, akaongeza konokono wa kuyala, na mwaka 1850 akatangaza kwamba viumbe hao walikuwa wakitunzana. Njia ya pili ilikuwa ya majitaka. Mwaka 1877, Wafaransa Schloesing na Müntz walipitisha majitaka polepole kwenye bomba lililojazwa mchanga na mawe ya chokaa. Kwa siku 20 hivi amonia iliingia juu na kutoka chini vilevile ilivyo. Kisha ikaanza kutoka nitrati. Walipopitisha mvuke wa klorofomu, kazi ilisimama. Walipotia maji yaliyosuuza udongo hai, ikarudi. Maana yake ni kwamba ndani ya mchanga kulikuwa na viumbe hai, na viumbe hao walihitaji muda wa kuzaliana. Mtoto wa yule Warington, naye akiitwa Robert, aliendeleza uchunguzi huo katika mashamba ya Rothamsted, Uingereza, na mwaka 1890 Sergei Winogradsky akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati.

Hizo siku 20 za bomba la Wafaransa ndizo moyo wa hoja yangu. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake kila saa, na chakula kilichobaki huoza na kuiongeza. Amonia huunguza matamvua. Nitriti inayoifuata huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, hata damu ikageuka rangi ya kahawia. Nitrati peke yake ndiyo inayovumilika. Katika tangi jipya la kioo bakteria huchukua kama wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha, na anayetia samaki siku ya kwanza huwaingiza katika maji yasiyo na wa kuyasafisha. Bwawa la udongo lina wasaidizi zaidi: viumbe wa kijani wanaoelea majini hunyonya amonia moja kwa moja, na bakteria hukaa kwenye tope na majani. Ila nao huanza kutoka sifuri. Ndiyo maana wafugaji wenye ujuzi huzungushia kona ya bwawa uzio wa fito, wakaujaza majani mabichi, samadi ya mbuzi na pumba za mchele, kisha wakangoja maji yageuke kijani. Kipimo chao hakigharimu kitu: mtu huzamisha mkono hadi kiwiko, na kiganja kikipotea machoni, maji yameiva. Udongo mwekundu wa nchi za mvua nyingi huwa na asidi inayowachelewesha viumbe hawa, hivyo chokaa au jivu la kuni hutangulia yote.

Yupo atakayesema mabwawa ya ukoloni yalikufa kwa sababu za kisiasa: watu walilazimishwa kuyachimba, basi uhuru ulipokuja wakayaacha, na machafuko yakamaliza yaliyosalia. Ni kweli, na hakuna elimu ya maji inayoweza kulinda bwawa dhidi ya bunduki. Lakini mtu haachi kwa urahisi kitu kinachomlisha, hata kama mwanzoni alilazimishwa. Mpunga ulienea katika mashamba ya Kasongo enzi za Tippu Tip, chini ya utawala wa mabavu, na utawala huo ulipoanguka mwaka 1893 mpunga ulibaki, kwa sababu mkulima alijua kwamba shamba husafishwa kabla ya mbegu kumwagwa, na alivuna. Bwawa lisilorutubishwa hutoa tilapia wadogo waliobanana, wasiolipa jasho la kuchimba. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana wa Peace Corps ya Marekani walifundisha wakulima wa Kasai na kwingineko ule uzio wa mboji na kungoja maji. Walipoondoka mwaka 1991, walichoacha mikononi mwa wakulima kilikuwa ujuzi usiohitaji mfadhili.

Wengine watasema tilapia na kambale ni wagumu, hasa kambale anayeweza kupumua hewa. Ni wagumu kweli, ila kustahimili si kukua, na vifaranga hawana ugumu wa wazazi wao. Pia ipo hoja ya njaa: nani mwenye watoto wa kulisha atangoje? Kungoja kwenyewe ni kwa wiki moja au mbili maji ya bwawa yanapopata mbolea ya kutosha, wakati samaki huchukua miezi kufikia ukubwa wa kuliwa. Kupoteza vifaranga vilivyonunuliwa na kusafirishwa kwa pikipiki kutoka mbali ni hasara kubwa kuliko siku hizo. Tahadhari moja ni ya lazima: mashimo ya dhahabu kama yale ya Namoya, pale zebaki ilipotumika, yasifugiwe samaki, kwani zebaki haiondolewi na bakteria wala na muda.

Kwa hiyo mradi wowote utakaokuja kusini mwa Maniema na upimwe kwa swali jingine. Viongozi wa vijiji wasiridhike na idadi ya mabwawa yaliyochimbwa wala vifaranga vilivyogawiwa; waulize ni mabwawa mangapi yalikuwa na maji ya kijani siku vifaranga vilipofika, na ni wakulima wangapi wanaoweza kuyafanya hivyo tena bila kusaidiwa. Ikiwa jibu ni wachache, vifaranga visubiri.