Bawaba za Kililana: kutoka mlango wa mbambakofi hadi laptopu

Kililana iko bara ya Lamu, pwani ya Kenya, ng'ambo ya kisiwa cha Manda, na kwa vizazi vingi jina lake lilitajwa pamoja na mashamba tu. Watu wa visiwani walivuka kwa mashua kwenda kulima, kisha wakarudi na mavuno. Bara ndiko kulikotoka pia magogo ya mbao ngumu, kama vile mbambakofi. Mafundi wa Lamu na Siyu wakayageuza kuwa milango ambayo mgeni hasiti kusimama kuipiga picha.

Mgeni hutazama nakshi. Fundi hutazama pembeni, pale ubao unapozungukia, na huko hakuti chuma hata kidogo.

Mlango wa zamani una mbao mbili zinazofungukia ndani. Kila ubao umeachiwa ncha mbili nene, moja juu na moja chini, katika ukingo ulio karibu na mwimo. Ncha ya chini huingia katika tundu la kizingiti, ya juu katika tundu la kizingiti cha juu, na uzito wote hukaa juu ya mti wenyewe. Ubao wenyewe ndio bawaba. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, alisifu milango ya Kilwa kwa nakshi na useremala wake. Kwa hiyo ufundi huo ulikuwa umekomaa kabla ya Wareno kuuona.

Kwa nini chuma kikwepwe? Sababu moja aijua kila aliyewahi kuacha kisu nje Lamu: chumvi ya bahari hukila. Mtepe nao, chombo kilichoundwa katika visiwa hivi hivi, ulishonwa kwa kamba bila msumari. Mti haupati kutu. Unalika tu, tena polepole. Tundu likipanuka, ubao hushuka na kuanza kukwaruza kizingiti, na dawa yake ni kuung'oa ubao, kupachika kipande kipya cha mbao ngumu penye ncha, kisha kuurudisha mahali pake. Kazi hiyo haihitaji kipuri kutoka ng'ambo.

Bawaba za chuma zilipozoeleka, mambo yakawa rahisi kwa seremala na magumu kwa mwenye nyumba: skrubu hupata kutu na mlango huanza kuning'inia.

Bawaba nyingine ilizaliwa mbali kabisa na pwani. Mwaka 1982 kampuni ya GRiD ya Marekani ilitoa Compass, kompyuta iliyobuniwa na Mwingereza Bill Moggridge, ambayo kioo chake kilikunjwa juu ya kibodi. Bei yake ilikuwa dola 8,150, na bodi lake lilikuwa la magnesiamu. Ukunjaji huo ndio ulioigwa na karibu kila laptopu iliyofuata. Magnesiamu haikuigwa sana. Laptopu za bei nafuu zilivishwa plastiki, na hapo ndipo balaa ilipoingia.

Kililana ikafikiwa na dunia hiyo ya kompyuta kwa kishindo. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa bandari ya Lamu katika eneo hilo, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mahali pa mashamba pakawa mahali pa ramani, fidia na makaratasi ya kompyuta.

Laptopu nazo zikaja, na bawaba zake. Mwenye laptopu kuukuu husema bawaba imelegea. Mara nyingi ni kinyume: imekaza. Ndani yake mna ekseli ndogo inayobanwa na nati ili kioo kisimame popote kilipoachwa. Grisi ikikauka na kutu ikianza, ekseli hukataa kuzunguka, na nguvu ya mkono huhamia kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa katika plastiki. Plastiki hupasuka, nati zikang'oka, kona ya kifuniko ikaachama.

Fundi makini huanza kwa kuchomoa betri. Kisha hufungua fremu ya kioo taratibu, maana waya wa kioo hupita pale pale kwenye bawaba na ukikatika hasara huongezeka. Hulegeza nati ya ekseli kidogo na kuitia grisi kabla ya kugusa ufa. Anayeanza na supagluu atamwona mteja tena mwezi huo huo. Nati za shaba hurudishwa kwa gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mirija miwili. Plastiki ikiwa imesagika kabisa, hutobolewa hadi upande wa pili na kufungwa boliti. Vichwa vya boliti huonekana mgongoni mwa laptopu, na haipendezi, ila uzito sasa unabebwa na kitu kinachouweza, kama ulivyobebwa na mti wa mlango.

Bawaba yenyewe ikivunjika, kipuri huagizwa Nairobi, aghalabu Luthuli Avenue, kikaja kwa basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Kabla ya kuagiza, fundi huinua laptopu na kunakili namba ya modeli iliyo chini yake, kwa kuwa bawaba za modeli mbili za kampuni moja mara nyingi hazioani. Mteja naye hupewa sharti moja anapolipa: afungue kwa kushika katikati ya kifuniko, asivute kona.