Kodi ya Kuku

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifasiri makala ya uchumi, kazi ya kutafutia riziki wala si ya ushairi, nikakuta kwamba malori yaingiayo Marekani hutozwa "kodi ya kuku". Nikadhani mpiga chapa amepitiwa. Nilitaka kulifuta neno hilo, kisha nikaona afadhali nilifuate lilikotoka, likanifikisha Ujerumani ya Magharibi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuku alikuwa huko kitoweo cha siku kubwa, kama alivyokuwa kwetu kitoweo cha mgeni. Ilhali Marekani ilikwisha kumgeuza zao la kiwandani: analelewa kwa maelfu katika mabanda, anakua upesi, anagandishwa, anapakiwa melini. Alipofika Ulaya bei yake ilikuwa ndogo mno, hata mfugaji mwenye kundi dogo uani hakumweza. Mlaji akafurahi, mfugaji akalia, na kwa rai yangu wote wawili walikuwa na haki.

Mwaka 1962 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilianza kutekeleza sera yake ya pamoja ya kilimo, na ushuru wa kuku aingiaye Ujerumani ukapanda kutoka senti zisizotimia 5 za Marekani hadi zaidi ya senti 13 kwa ratili. Biashara ikaporomoka. Berlin ilikuwa imekatwa kwa ukuta tangu 1961. Hata hivyo Kansela Konrad Adenauer alisema kwamba kama nusu ya barua zake na Rais Kennedy zilihusu kuku. Yumkini alitia chumvi, lakini si nyingi.

Shauri likafikishwa mbele ya jopo la GATT, mapatano ya biashara ya mataifa, nalo Novemba 1963 likakadiria hasara ya Marekani kuwa dola milioni 26. Desemba, Rais Johnson, aliyekuwa ndiyo kwanza amerithi kiti cha Kennedy aliyeuawa, akatangaza kisasi: ushuru juu ya wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo. Wa malori ulikuwa asilimia 25, ukaiumiza Volkswagen. Na kwa kuwa kanuni haikuruhusu kubagua, ukamgusa pia Mjapani, ambaye katika ugomvi ule hakuwa na kuku wala yai.

Vile vingine vilisamehewa baadaye, lori halikusamehewa. Ford, kampuni ya Marekani yenyewe, ilileta magari ya mizigo kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma ili yahesabiwe kuwa ya abiria. Yakishashuka bandarini, viti vinang'olewa. Mahakama ya rufani iliikataa hila hiyo mwaka 2019, na mwaka 2024 Ford ikakubali kulipa dola milioni 365 kuyamaliza madai.

Na kuku mwenyewe? Mwaka 1997 Ulaya ilimfungia mlango kuku aliyeoshwa kwa klorini, desturi iliyokuwa imeenea wakati huo katika viwanda vya Marekani.

Katika tafsiri yangu nililiacha neno "kuku" mahali pake. Mhariri alinirudishia karatasi, amelizungushia wino mwekundu.