Sheria Zilizozaliwa na Ujanja wa Walinzi wa Besiboli

Katika besiboli, timu inayopiga huendelea na zamu yake mpaka watu wake watatu watolewe. Kanuni mbili humweka mkimbiaji hatarini. Mpira uliopigwa ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka, na mkimbiaji aliyekwisha kuondoka kituoni lazima arudi. Mpira ukimtangulia hapo, naye ametoka. Lakini mpira ukianguka uwanjani, mpigaji hupata haki ya kukimbilia kituo cha kwanza, na kwa kuwa kituo kimoja hakikaliwi na watu wawili, aliyekuwapo hana budi kukipisha na kwenda cha mbele. Kanuni ya kwanza inamrudisha mkimbiaji, ya pili inamfukuza, na matukio adimu ya ulinzi yametokana zaidi na mvutano huo.

Wachezaji wa Marekani wa karne ya 19 waliuona mapema mwanya katika mvutano huo. Mpira unapopaa juu sana na kushuka karibu na vituo, wakimbiaji hubaki walipo wakingoja udakwe. Mlinzi mjanja aliuacha uanguke miguuni pake, akauokota na kuutupa kituo cha tatu, kisha cha pili, na watu wawili wakatoka badala ya mmoja. Mkimbiaji hakuwa na njia ya kujiokoa: akibaki anatolewa, na akiondoka, mlinzi anaudaka mpira na kumtoa vilevile. Huo ulikuwa ushindi wa hila, si wa ustadi.

Katika miaka ya 1890 mwanya ukazibwa. Kituo cha kwanza na cha pili vikiwa na wakimbiaji, au vyote vitatu, na timu haijapoteza watu wawili, mpira wa juu ambao mlinzi wa vituoni anaweza kuudaka kwa juhudi za kawaida humtoa mpigaji mara mwamuzi anapotamka, hata ukiangushwa. Mpigaji akishatoka, wakimbiaji hawalazimiki tena kupisha. Sheria hii ni ya haki kabisa, na mantiki yake iliwavutia hata wanasheria: mwaka 1975 jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapisha makala ya William S. Stevens iliyolinganisha kuzaliwa kwake na kukua kwa sheria ya mapokeo ya Uingereza.

Ugumu umo katika maneno “juhudi za kawaida”. Tarehe 5 Oktoba 2012, Atlanta Braves wakicheza na St. Louis Cardinals mechi moja ya mtoano, Andrelton Simmons alipiga mpira uliokwenda kushuka mbali nyuma ya vituo, upande wa kushoto. Pete Kozma wa Cardinals aliukimbilia, akausogelea kisha akauacha, ukaanguka. Mwamuzi Sam Holbrook alikuwa ameshainua mkono: mpigaji ametoka. Mashabiki wa Atlanta walirusha chupa na takataka uwanjani, mchezo ukasimama karibu dakika 20, na Braves wakafungwa 6–3.

Sheria hiyo haihusu mpira unaopigwa ukaenda moja kwa moja, kwa kasi, bila kupaa. Hapo ndipo mlinzi mmoja anaweza kuwatoa watu watatu peke yake. Kwa kawaida hutokea pale wakimbiaji wanapoondoka mapema, mara mrushaji anapoutupa mpira. Neal Ball wa Cleveland alifanya hivyo mwaka 1909, lakini tukio linalokumbukwa zaidi ni la 10 Oktoba 1920, katika fainali kati ya Cleveland na Brooklyn. Clarence Mitchell alipiga, na Bill Wambsganss, mlinzi wa kituo cha pili wa Cleveland, akaruka na kuudaka. Alikanyaga kituo, na Pete Kilduff, aliyekuwa mbioni kwenda cha tatu, akawa ametoka. Alipogeuka alimkuta Otto Miller amefika karibu naye kutoka kituo cha kwanza; akamgusa kwa mpira. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika fainali.

Mwaka 1927 tukio la aina hiyo lilitokea siku mbili mfululizo: Jimmy Cooney tarehe 30 Mei, Johnny Neun kesho yake. Kisha likapotea miaka 41, hadi Ron Hansen mwaka 1968. Kuanzia Ball mpaka Eric Bruntlett, aliyemaliza nalo mechi mwaka 2009, limetokea mara 15 katika ligi kuu.

Adimu zaidi ni mtu wa nne kutolewa. Mkimbiaji wa kituo cha tatu aliyeondoka mapema akifika nyumbani, yaani kituo cha mpigaji, kabla mwenzake hajatolewa kuwa wa tatu, pointi yake huhesabiwa, isipokuwa walinzi waupeleke mpira kituo cha tatu na kudai kwa mwamuzi atolewe yeye badala ya mwenzake. Aprili 2009 Andre Ethier wa Los Angeles Dodgers alivuka nyumbani hivyo, wakati walinzi wa Arizona Diamondbacks wakimgusa Juan Pierre. Hawakudai chochote, walipotoka uwanjani haki yao ilikwisha, na pointi ikaandikwa.