Gemu ya betri mbili iliyofika hadi Kasigau

Pale Maungu, barabara ya Kasigau inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, nilimkuta mnunuzi wa vyuma chakavu akipima mzigo wake. Guniani mlikuwa na redio zilizokufa, chaja, tochi, simu za vitufe na, chini kabisa, kifaa cha plastiki ya kijivu chenye kioo kidogo na kitufe kimoja kikubwa cha mviringo upande wa kulia. Kifuniko cha betri hakikuwapo. Mahali pake palifungwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, vilevile tulivyokuwa tukifunga sisi. Nikamwomba aniuzie. Akakiweka kwenye mizani pamoja na redio moja, nikalipa kwa uzito.

Nilikuwa na sababu ya kukitaka. Kila inapofika Aprili 21, wapenzi wa gemu duniani huikumbuka siku hiyo ya mwaka 1989, Game Boy ya kampuni ya Nintendo ilipoanza kuuzwa Japani kwa yeni 12,500. Wengi wetu tuliokulia chini ya mlima Kasigau hatukuwahi kuishika Game Boy. Tulichokishika ni hiki cha kijivu, kilichoandikwa Brick Game usoni, ambacho sisi tulikiita gemu tu, kana kwamba hapakuwa na nyingine duniani. Lakini historia ya kifaa hiki haielezeki bila ya Game Boy, na historia ya Game Boy haielezeki bila ya betri.

Hilo la betri nimelichukua kwa fundi mmoja wa simu mwenye kibanda karibu na steji ya Voi, ambaye alianza kwa kutengeneza redio kabla simu za mkononi hazijaingia. Nilipomwekea kifaa mezani hakuuliza kilicheza gemu gani. Aliuliza kilikula betri ngapi. Kwake yeye, chombo chochote kilichopata kudumu vijijini kilidumu kwa sababu kilikula kidogo, na visivyojua kula kidogo vilirudi mjini au vilitupwa. Nimesoma mengi kuhusu gemu za mkononi, na sijaona kauli inayoeleza zaidi ya hiyo.

Mtu aliyeielewa kanuni hiyo mapema alikuwa Gunpei Yokoi. Alizaliwa Kyoto mwaka 1941, akasomea elektroniki, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, wakati huo kampuni ya kutengeneza karata, ili aitunze mitambo ya kiwandani. Katika muda wake wa mapumziko alijitengenezea mkono wa bandia unaorefuka na kufupika. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akauona, na badala ya kumkaripia akamwamuru augeuze bidhaa. Kichezeo hicho, Ultra Hand, kikauzwa zaidi ya vipande milioni moja. Baadaye, inasimuliwa kwamba Yokoi alikuwa ndani ya treni ya mwendo kasi akamwona mfanyakazi wa ofisini aliyechoshwa na safari akichezacheza na kikokotoo chake. Kutokana na hapo zikazaliwa Game & Watch mwaka 1980, gemu ndogo zenye saa, zikitumia kioo cha aina ileile ya vikokotoo. Ile ya Donkey Kong ya mwaka 1982 ndiyo iliyoleta kitufe cha msalaba cha kusogezea juu, chini, kushoto na kulia, ambacho hadi leo kimo katika karibu kila kifaa cha gemu.

Yokoi alikuwa na msemo wake wa Kijapani, wenye maana ya kuitafutia kazi mpya teknolojia iliyokwisha kukauka. Hakutaka kilicho kipya kabisa. Alitaka kilichozoeleka, kilichoshuka bei, kinachojulikana udhaifu wake, kisha akipe kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Fundi yeyote wa Voi anayefufua redio kwa kipuri cha redio nyingine angemwelewa bila mkalimani.

Ndivyo Game Boy ilivyoundwa. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144, bila rangi isipokuwa vivuli vinne vya kijani kilichofifia, na bila taa ya ndani: giza likiingia, mchezo umekwisha, au utafute taa. Ubongo wake ulikuwa wa biti 8, wa kasi ya megahezi 4 na kidogo. Gemu zilikuja katika kaseti ndogo za kuchomeka mgongoni. Palikuwa na tundu la waya wa kuunganisha vifaa viwili, ili watu wawili washindane kila mmoja na kioo chake, na tundu la visikizio. Betri ndogo nne ziliitosha kwa saa 15 hivi, mara nyingi zaidi.

Wapinzani walikuja na nguvu. Mwaka huohuo wa 1989 Atari walitoa Lynx yenye rangi na taa ndani ya kioo, kwa bei ya karibu maradufu. Mwaka 1990 Sega wakatoa Game Gear, nayo ya rangi. Ukiziweka zote tatu mezani, ya Yokoi ndiyo iliyoonekana maskini. Lakini Lynx na Game Gear zilitaka betri sita, na zikazimaliza kwa saa nne au tano. Mzazi gani angenunua betri sita kila jioni, hata awe wa Tokyo? Game Boy pamoja na mdogo wake wa rangi aliyezaliwa mwaka 1998 ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Nyingine hazikufika hata karibu.

Hata hivyo betri peke yake haichezeki, na hapa ndipo panapoingia ugomvi ambao mimi nauona mtamu kuliko gemu yenyewe.

Mwaka 1984, katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi mjini Moscow, Alexey Pajitnov alibuni mchezo wa vipande vya miraba minne minne vinavyoanguka, vya kupangwa hadi mstari ujae na kutoweka. Akauita Tetris. Ukasambaa Moscow kwa kunakiliwa, ukavuka hadi Hungary. Huko Budapest, mwaka 1986, ukaonwa na Robert Stein, mfanyabiashara wa programu kutoka London. Stein akatuma teleksi Moscow kuomba haki. Jibu la Pajitnov lilikuwa la kirafiki, la kuonyesha nia. Stein akalichukua kama mkataba, akaanza kuuza kitu ambacho bado hakuwa nacho. Walionunua kwake wakawauzia wengine, na hao wakawauzia wengine, hadi kampuni za Uingereza, Marekani na Japani zikawa na hati za mchezo mmoja, kila moja ikiamini ni yake.

Februari 1989 watu watatu walifika Moscow katika juma moja, kila mmoja kwa njia yake: Stein, Kevin Maxwell, mwana wa tajiri wa magazeti Robert Maxwell, na Henk Rogers, Mholanzi aliyekuwa akiishi Japani. Rogers alikuwa amewaeleza Nintendo kwamba wakiuza Game Boy pamoja na mchezo wa Mario wataipata mikono ya wavulana, na wakiiuza pamoja na Tetris wataipata mikono ya kila mtu. Alikuwa na viza ya utalii. Hakualikwa. Aliitafuta ofisi ya ELORG, shirika la serikali lililokuwa na mamlaka ya kuuza programu za kompyuta nje ya nchi, akaingia.

Aliyemkabili huko ni Nikolai Belikov. Rogers, kwa kujiamini, akatoa kaseti ya Tetris aliyokuwa akiiuza Japani. Belikov akaduwaa. Kwa ufahamu wake serikali yake ilikuwa imetoa haki za kompyuta tu, wala haikuwahi kutia saini kuhusu mashine za gemu. Rogers akagundua palepale kwamba aliyemuuzia alimuuzia hewa. Badala ya kukana akaeleza kila kitu alichokijua na akajitolea kulipa. Nadhani ni hapo aliposhinda. Pajitnov alikuwapo chumbani, na wawili hao wakawa marafiki kuanzia siku hizo.

Belikov naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Stein alipoingia, alipewa marekebisho ya mkataba yenye kipengele kidogo kinachoeleza maana ya kompyuta: ni kifaa chenye kioo, diski na kibodi. Stein akatia saini, na kwa saini hiyo mashine zote za gemu zikamponyoka. Kevin Maxwell alipoingia akaonyeshwa ile kaseti ya Rogers. Akasema ni ya wizi, asijue kwamba haki zake zilitokana na kampuni ya nyumbani kwao wenyewe. Rogers akaondoka na haki za vifaa vya mkononi, na mwezi uliofuata Nintendo wakapata za mashine za nyumbani. Robert Maxwell alifikisha malalamiko hadi kwa Gorbachev mwenyewe, kiongozi wa Muungano wa Sovieti. Hayakumsaidia. Juni 1989 Jaji Fern Smith wa San Francisco akaizuia kampuni tanzu ya Atari kuendelea kuuza kaseti zake za Tetris.

Na mbunifu? Pajitnov alikuwa mtumishi wa serikali, na haki aliiachia serikali kwa miaka kumi. Dunia nzima ilipanga miraba yake na yeye hakupata mrabaha hadi mwaka 1996, alipoanzisha kampuni pamoja na Rogers.

Wakati mawakili wakigombana, viwanda vya China havikungoja hukumu. Vilichukua wazo la Tetris, vikaliweka katika kifaa kisicho na kaseti, kisicho na nukta za kuchora picha: kioo chake kina miraba 200 tu iliyokwisha chapwa, kumi kwa upana na ishirini kwa urefu. Ndiyo maana gari la mashindano, kifaru cha vita, chura anayevuka barabara na nyoka, vyote vilitokana na vijiraba vilevile vyeusi. Juu ya boksi waliandika 9999, eti ndiyo idadi ya gemu zilizomo. Zilikuwa chache, zikizidishwa kwa kasi na kiwango. Hakuna leseni iliyolipwa. Na kilikula betri ndogo mbili, nusu ya Game Boy.

Betri mbili ndizo zilizokipandisha Kasigau. Nyumbani kwetu hakukuwa na stima. Mjomba alikileta kutoka Mombasa wakati wa Krismasi, na kuanzia siku hiyo kioo kile ndicho kilichokuwa kikitazamwa zaidi katika boma zima. Tulicheza kwa zamu: ukifa, unampa aliye kushoto kwako. Sauti tuliizima, maana wimbo wake wa kuwashia ulimwamsha nyanya. Betri zikichoka, miraba ilianza kufifia kutoka nyeusi hadi kijivu, na betri tulizianika juu ya jiwe lililopata jua la mlimani. Zikapata uhai wa nusu saa. Rekodi ya juu tuliiandika kwa makaa ukutani mwa jiko, kwa sababu ukitoa betri kifaa husahau kila kitu. Sikumbuki aliyeshikilia ile ya mwisho, ila nakumbuka ukuta ulivyopakwa udongo upya na sisi tukalia.

Yaliyofuata yanajulikana. Yokoi aliondoka Nintendo mwaka 1996, baada ya Virtual Boy yake kushindwa sokoni, na akafariki katika ajali ya barabarani Oktoba 4, 1997, akiwa na miaka 56. Mwaka huohuo Nokia wakatoa simu ya kwanza yenye gemu ya nyoka, kazi ya Taneli Armanto. Hapa kwetu nyoka huyo aliingia kwa wingi na Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile kamulika mwizi, ambayo chaji yake nayo ilidumu kwa siku kadhaa. Leo mtoto wa Rukanga, huko Kasigau, anachezea simu ya mzazi.

Linaloniuma ni gunia lile la Maungu. Kaunti hii ya Taita Taveta inajua kutunza kumbukumbu. Mahandaki na maganda ya risasi ya Vita Kuu ya Kwanza yana walinzi na wageni, na ni haki. Lakini vitu vilivyopita mikononi mwa watoto wetu wenyewe, redio, tochi, gemu, vinapimwa kwa kilo pamoja na mabati. Shule yenye kabati moja la kioo ingeweza kuvihifadhi. Mwanafunzi akavifungua, akaona ndani namna mawazo ya mtu wa Kyoto na mtu wa Moscow yalivyokutana katika plastiki moja.

Fundi wa Voi alikifungua changu mbele yangu. Betri zilizoachwa ndani miaka mingi zilikuwa zimetoa ukungu wa kijani juu ya springi. Akaukwangua kwa kisu, akasugua kwa ndimu, akafuta. Chini ya vitufe akasafisha mpira wenye vidoto vyeusi kwa pamba yenye spiriti, kile kidoto kilicholika kabisa akakipaka risasi ya penseli. Akakaza ukanda mwingine wa mpira, wa ndani, unaounganisha kioo na bodi. Akatia betri mbili mpya. Wimbo ukalia, na watu wawili waliokuwa wakingoja simu zao wakageuka kwa pamoja. Safu mbili za kushoto hazionekani tena, kwa hiyo unapanga vipande kwa kukisia. Nilifika mistari 14.

Basi wewe uliye na kifaa kama hiki ndani ya sanduku, iwe Kasigau, Sagalla au Mwatate, usikiuze kwa kilo. Na kabla ya kukirudisha sandukuni, toa betri.