Kompyuta za muziki (Kisii na Nyamira)
Kuchagua kati ya Windows na Mac kwa kurekodi na kupiga muziki hutegemea programu kuliko mashine. Programu ya FL Studio ya Ubelgiji ilikuwa ya Windows hadi 2018, ilipopata toleo rasmi la Mac. Logic haijapata toleo jipya la Windows tangu mwaka 2002, Apple iliponunua Emagic, kampuni iliyoiunda. Jukwaani hoja ni kuchelewa kwa sauti: Mac ina mfumo wa sauti wa Core Audio ndani yake, ilhali Windows kwa kawaida huhitaji kiendeshi cha ASIO. Kwa obokano, ala kubwa ya Abagusii yenye nyuzi nane, mabishano hayo yana uzito mdogo. Mvumo wake mzito wenye mkwaruzo hudai kwanza maikrofoni nzuri, na nyuzi zake si lazima zilingane na funguo za piano.